Siku Somoe Aliponifunga Bao

Aibu yenyewe naitaja kwanza ili tumalizane nayo: mimi, mtu mzima, niliyesoma shule ya pwani mpaka darasa la mwisho, niliyetembea kwa miguu kutoka Lindi mpaka ziwa Nyasa na kurudi, nilionekana na nusu ya kijiji cha Mkunya nikirukaruka gengeni, kwenye ule mteremko wa mwamba, mchana kweupe, kanzu iko mkononi badala ya mwilini, mbele ya mama mkwe wangu (narudia, mama mkwe), na yote hayo yalitokea kwa sababu nilifungwa bao na mtoto wa miaka sita. Chekeni tu, jamani. Mimi mwenyewe nilishazoea.

Miaka hiyo Mjerumani bado anatawala na vita vya Majimaji vimekwisha, lakini ukipita njia ya Masasi unaona nyumba zimebaki kuta tupu na mashamba yameota nyasi. Mimi kwetu ni Nanganga, chini huko, ila nilioa juu, Mkunya, na mnajua wenyewe watu wa huko juu: mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, na mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mwenye sauti juu yake ni mjomba, baba ni mtu wa kusalimiwa. Mwanangu Somoe alikuwa na miaka miwili nilipomwambia mke wangu, "Mama Somoe, nateremka Lindi, siku nane nimerudi." Nikafika Lindi, nikakuta msafara unakwenda bara kutafuta mpira, ule utomvu wa mitini, wapagazi wanaimba, mizigo inafungwa, miguu ikaniwasha, nikaenda. Vita vikanikuta huko, njia zikafungwa. (Niseme ukweli: vita vilifunga njia mwaka mmoja na kidogo, miaka mingine niliifunga mwenyewe, maana kila nikigeuka kurudi nasikia kuna mlima mwingine mbele ambao sijauona.)

Siku nane zikawa miaka minne.

Niliporudi, mke wangu hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alinipa maji ya kunywa katika kibuyu, akasema, "Unywe polepole. Huku juu maji hayaokotwi." Basi. Kesho yake akaja kaka yake mkubwa, Nangumbi, mtu mrefu anayesema taratibu, na ndiye mjomba wa Somoe, kwa hiyo ndiye mwenye neno. Akakaa, akaniuliza habari za safari, akanisikiliza, kisha akasema, "Shemeji, Alhamisi nitakuja na wazee wawili, utatueleza ulikuwa wapi na sasa unataka nini. Tukiridhika utabaki. Tusiporidhika utateremka kwenu Nanganga, na mtoto atakaa hapa, hutamwona." Alisema kwa upole kama mtu anayeulizia mvua. Usingizi wangu ukaisha siku hiyohiyo.

Na mtoto mwenyewe hakunijua. Aliniita "mgeni". Nipo nimekaa, anamuuliza mama yake, "Mgeni amekula?" "Mgeni ataondoka lini?" Mimi nacheka tu.

Kitu kimoja tu kilitupatanisha, nacho ni bao. Bao la zamani la nyumba ile, la mti, liliungua pamoja na nyumba yenyewe askari walipopita, basi nikachimba mashimo chini ya upenu, safu nne, mashimo manane kila safu, nikatoa komwe zangu nilizonunua Lindi, zile za kijivu zinazong'aa, Somoe akatoa macho kama ameona marijani. Nikamfundisha bao la wanaojifunza: kete mbili kila shimo, unachota, unasambaza, ikiangukia penye kete unaendelea, ikiangukia patupu unalala, na ukiweza kumla mwenzako safu yake ya mbele ikabaki tupu, umemfunga. Siku nne tulicheza, asubuhi na jioni. Sikumwachia hata mchezo mmoja! Mwanamume mwingine angemwachia mtoto ashinde apate kumpenda, mimi nilitaka anione fundi. Nilikuwa namfunga, napiga makofi, nachezesha mabega. Yeye ananiangalia mikono tu.

Ikafika Alhamisi. Mke wangu aliamka mapema, akabeba jembe, akasema, "Baba Somoe, nakwenda shamba kuchimba muhogo na kuchuma kisamvu. Nikirudi nitateremka bondeni kuchota maji, maana mtungi umekauka na wageni wanakuja jua likianza kupinda. Kaa na mtoto. Usiende mahali."

"Niende wapi mimi?" nikasema.

Akaniangalia. Akaenda zake.

Tukakaa upenuni, Somoe na mimi, tukapanga kete. Mimi siku hiyo roho iko juu, nina maneno yangu ya kuwaambia wazee nimeyapanga vizuri, mwanzo wake na mwisho wake, na mtu akiwa na hofu hujifanya hodari. Somoe akaniuliza, "Mgeni, nikikufunga utafanya nini?"

"Unifunge wewe? Mimi nimewafunga watu wa Lindi waliozeeka na bao!"

"Nikikufunga."

Hapo ndipo, ndugu zangu, ningeweza kusema nitakuimbia, nitakubeba mgongoni, nitakuchomea muhogo. Nikasema, "Ukinifunga, nitateremka bondeni mimi mwenyewe nikachote maji, na mtungi kichwani na ngata yake, kama mama yako!"

Sasa kama hujaishi huko juu hutaelewa ukubwa wa neno hilo. Juu ya uwanda hakuna mto wala kisima, maji yako chini ya genge, unateremka kijinjia chembamba kilichoshikamana na mwamba mpaka chemchemi, na kupanda nayo ni kazi ya kutoa roho, na kazi hiyo ni ya wanawake tangu mababu. Mwanamume mwenye mtungi kichwani hajaonekana. Na mimi ndiyo maana nilisema, ilikuwa kama kusema ukinifunga nitaruka niende mwezini.

Tukacheza. Mimi huku nacheza huku nasimulia jinsi nilivyomfunga mzee mmoja wa pwani mpaka akatupa kofia yake, mkono unasambaza, mdomo unasambaza, nikalala mapema, yeye akachota kete za pembeni, akasambaza, akala, akaendelea, akala tena, nikasema "ngoja kwanza," hakungoja, ulimi umetoka nje kidogo pembeni ya mdomo, kete zinalia to, to, to, akazunguka, akala mara ya tatu, na nilipotazama chini safu yangu ya mbele ilikuwa tupu kama uwanja uliofagiwa.

"Mgeni," akasema, "umekufa."

"Tucheze tena. Mchezo mmoja si mchezo."

Aliingia ndani, akatoka anaburura mtungi mkubwa mweusi kwa mikono miwili, na ngata ameivaa shingoni. Akaviweka mbele yangu.

"Somoe, mwanangu, ule ulikuwa utani."

Akasema, wala si kwa ukali, "Mama alisema hivyo. Alisema maneno yako ni utani."

Hapo nilisimama. Sijui kama ni hasira au ni nini, lakini nilisimama, na papo hapo wazo likanijia likaniwasha mwili mzima: mbona hili ni jambo zuri! Mke wangu atarudi amechoka atakuta mtungi umejaa! Nangumbi na wazee watakunywa maji niliyochota mimi! Nani atasema huyu si mtu wa kukaa? Nikaona miguu yangu inaweza kwenda na kurudi kabla muhogo haujachimbwa wote, maana nimetembea mpaka Nyasa mimi, genge ni nini. Nikatia viazi viwili vya kuchoma katika mfuko wangu wa safari, nikauvaa begani, nikachukua na fimbo yangu (mtu wa safari hatoki bila mfuko na fimbo, ni mazoea tu, mkono unajiokotea), nikachukua mtungi.

"Wewe ukae hapa," nikamwambia Somoe.

"Tunakwenda wote. Usije ukaendelea."

"Kuendelea wapi?"

"Mbele."

Nikamshika mkono tukaenda. Hatukumwambia mtu yeyote. Yawekeni hayo moyoni: nyumba tupu, mtoto hayupo, mfuko haupo, fimbo haipo.

Njiani tulikutana na wanawake wanne wanapanda na mitungi yao. Wa mbele aliponiona alisimama, wa nyuma yake akamgonga, maji yakamwagika, hakuna aliyejali.

"Jamani! Huyo ni nani?"

"Si mume wa Mama Somoe yule aliyepotea?"

"Amerudi akiwa mwali!" Vigelegele vikapigwa. "Mwali mpya! Mwali mpya!"

"Shikamooni, mama zangu," nikasema.

"Marahaba, mwali. Nani amekucheza unyago?"

"Nimemfunga bao," Somoe akasema, kwa sauti ya jumbe anayetoa amri.

Walicheka mpaka ikabidi wakae chini. Nami nikawa nacheka pia, nakwambia nilikuwa na furaha ya ajabu, mtoto ameshika kanzu yangu kwa nyuma anateremka nami, anazungumza mfululizo, siku nne hakuwa amenipa maneno mengi kiasi hicho, ananionyesha jiwe lenye umbo la chura, ananionyesha mahali mama yake alipoanguka mwaka jana. Mwaka jana. Mimi nilikuwa ziwani nakula samaki.

Chemchemini foleni ilikuwa ndefu, maji yanatoka kidogokidogo kama machozi, unachota kwa kata unangoja, unachota unangoja. Wenye haraka huko hawapo. Nilipojaza mtungi mpaka shingoni bibi mmoja akaniwekea majani juu ya maji yasirukeruke, akaniinulia, akanitwika. Ewe! Shingo ilizama ndani ya mabega. Nimebeba mizigo ya mpira, lakini mpira haukuchezeshi, maji yana akili zake, ukienda kulia yanakwenda kushoto. Nikashika kwa mikono yote miwili, fimbo nikampa Somoe, tukaanza kupanda. Nikapumzika mara tano. Jua likapanda nasi. Jua likatupita.

Sasa huku juu. Mke wangu amerudi na muhogo. Anaita, kimya. Anaingia ndani, mfuko wangu haupo msumarini, fimbo haipo, mtoto hayupo. Fikirini wenyewe. Mwanamume aliyesema siku nane akaenda miaka minne, siku yenyewe ya kuhojiwa, ametoweka na mtoto. Alipiga yowe (nimesimuliwa baadaye), watu wakaacha majembe, na Nangumbi naye ndiyo anafika na wazee wake wawili wamevaa kanzu safi. "Amemwiba mtoto!" Na jirani mmoja akachungulia jikoni akaongeza, "Amechukua na mtungi!" Mpaka leo sijui waliona nilitaka kufanya nini na mtungi wa watu safarini, lakini neno hilo liliwaudhi kuliko yote. Mtoto na mtungi! Wakashika marungu, wakagawana njia, kundi la Nangumbi likashika njia ya genge, maana ndiyo inayoteremka kwenda kwetu.

Mimi sina habari. Nimebakiza kona mbili kufika juu, jasho linaingia machoni, na moyoni nashangilia. Ndipo Somoe aliyekuwa mbele akageuka akasema, "Bibi huyo anakuja!"

Bibi yake. Mama mkwe wangu. Anateremka na kibuyu chake, alitoka kabla ya yowe, alikuwa anakwenda kuchota maji ya kuwapikia wageni.

Huko kwa watu wa juu, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawapishani njiani. Mkikutana wewe unatoka njiani, unampa mgongo, unachutama mpaka apite. Tangu nirudi nilikuwa nimeona kisogo chake tu. Na ile njia haina pembeni! Upande mmoja mwamba, upande mwingine mteremko wa vichaka. Yeye alifanya haraka, akageukia mwamba akajifunika uso kwa nguo. Basi zamu yangu. Mtu mwenye akili angesimama tu akafumba macho. Mimi nikaona nimeshafanya makosa ya kutosha katika nyumba ile, adabu hii sitaikosa, nikatoka njiani, mguu mmoja chini, nikageuka kumpa mgongo, na mtungi kichwani.

Mguu ulikwenda. Mtungi ukaniacha, ukapiga jiwe, pwaa! Maji yote yakaniangukia, na mimi nikateleza kwa makalio kama hatua kumi, nikasimamishwa na kichaka.

Kichaka cha upupu.

Upupu mkavu, msimu wake, yale maganda yenye manyoya ya dhahabu. Kwa pumzi mbili hakuna kitu, unasema afadhali sikuumia. Pumzi ya tatu nilipiga kelele iliyosikika Newala. Nilipanda juu sijui kwa miguu au kwa mikono, nikatua njiani, nikavua kanzu maana ilikuwa imejaa manyoya, mfuko nikaurudisha begani kwa mazoea, nikabaki na kishuka cha ndani cha kufika magotini, na nikaanza kuruka. Najikuna naruka, naruka najikuna, na kila ninaporuka nakumbuka mama mkwe yuko hatua tatu nyuma yangu ameelekea mwamba, mabega yake yanatikisika, sijui analia au anafanya nini.

Ndipo kona ya juu ikatema watu. "Huyo! Mshikeni!" Marungu, vumbi, mke wangu katikati anapiga yowe "Mwanangu! Mwanangu!" akamkumbatia Somoe akamkagua vidole kimoja kimoja. Nangumbi akasimama mbele yangu na wazee wake wawili.

"Shemeji," akasema, taratibu vilevile, "ulikuwa unampeleka wapi mtoto?"

Maneno yangu yote niliyoyapanga, mwanzo na mwisho, yalikuwa yamekwenda na mtungi. "Nyu... shemeji... ni upupu..." Naruka.

"Simama tuseme!"

"Siwezi!"

"Mfuko wa safari huu hapa begani. Unakana nini?"

"Muueni kabisa!" akasema mmoja nyuma, mwingine akasema, "Kwanza alipe mtungi!"

Niliona limekwisha. Sikuona hivyo hata vitani. Somoe akaanza kusema nimemfunga, nimemfunga bao, lakini nani anamsikia mtoto katika kelele zile? Na mama yake anasema twende, twende nyumbani, kila siku naambiwa atabadilika.

Kisha mama mkwe akasema. Hakugeuka, alisema na mwamba, lakini sauti yake ilinyamazisha watu wote.

"Somoe. Mwambie baba yako aache kuruka, anatutia vumbi."

Somoe akaniangalia. Akasema, "Baba, bibi anasema uache kuruka."

Nikaacha. Wallahi nawaapia niliacha, upupu unanichoma kama moto na mimi nimesimama kama nguzo, kwa sababu nilikuwa nimeitwa baba.

"Na umwambie mjomba wako," mama mkwe akaendelea kuuambia mwamba, "kwamba mimi nilikuwa nateremka nikawaona. Mtungi ulikuwa na maji na majani juu. Huyu alikuwa anapanda. Mtu anayemwiba mtoto hapandi kurudi kijijini na mtungi umejaa. Na mtungi ulikuwa wangu, niliufinyanga mwenyewe, hilo nalo mwambie."

Nangumbi akatazama vigae, akatazama njia iliyolowa, akatazama kanzu yangu mkononi. Mzee mmoja akamuuliza Somoe, "Kwa nini baba yako alikwenda kuchota maji?" Somoe akaeleza mchezo mzima, shimo kwa shimo, alivyochota pembeni, alivyokula mara tatu, na yule mzee (mchezaji wa bao, kumbe) akasikiliza kwa makini kuliko kesi yoyote, mwisho akanigeukia kwa huruma ya kweli: "Uliacha pembe wazi?"

"Niliacha, mzee."

"Lo."

Kesi yangu ilisikilizwa upenuni, mimi nimepakwa majivu mwili mzima kuua upupu, kama mwali wa jandoni, wageni wanakula muhogo wa kuchoma kwa sababu maji ya ugali niliyamwaga. Mke wangu aliulizwa anataka nini. Akasema, "Abaki. Lakini sitaki tena kurudi nyumbani nikatazame kwanza msumari wa mfuko." Nangumbi akasema, "Nilikuja na maswali mengi, shemeji, sasa sina hata moja. Mfuko wako nautwaa. Utakaa nyumbani kwangu. Siku ukitaka kuondoka, njoo uuombe kwangu, mchana, mbele ya watu."

Nikautoa. Kuuvua begani kuliniuma kuliko upupu, sitawaficha. Katika miaka iliyofuata nilikwenda kwake mara tatu kuuomba, miguu ikiniwasha, na mara zote tatu alinikaribisha, tukala uji, akaniuliza habari za mtoto, nikarudi nyumbani bila kuutaja. Na mtungi nilimlipa mama mkwe kwa maji: msimu mzima wa kiangazi nilikuwa nateremka bondeni, na wanawake wakanizoea mpaka wakaacha kuniita mwali, jambo ambalo, niseme tu, lilinisikitisha kidogo.

Nimevuka arobaini sasa, nimeapa mambo mengi na mengi nimeyavunja, lakini kiapo hiki nimekishika: bao nitacheza na yeyote, mzee, fundi, hata jumbe mwenyewe, na nitaahidi chochote, maana watu wazima tukifungwa tunajua kusameheana kwa kicheko. Lakini kwa mtoto sifungui mdomo kuahidi. Nakaa, nachota kete zangu, nasambaza kimya, na mtoto akiniuliza "nikikufunga utafanya nini?" namjibu, "Nitafungwa."